Kinachobaki Baada ya Patasi: Siku Nane Nyuma ya Wasanii wa Chapa

Siku ya kwanza: Bankside, London

Nimefika London asubuhi yenye mawingu ya Oktoba nikiwa na daftari la kuchorea, penseli tatu, bobari mbili ndogo, yaani zile patasi zenye mdomo wa mviringo, na kipande kimoja cha linoliamu, kile kitandiko laini cha sakafu kinachochongeka, kisichozidi ukubwa wa kiganja. Nimekuja kuzifuata kazi za wasanii wa chapa wa wakati wetu, yaani wale wanaochonga au kuchora picha kwenye kibao au bamba, wakaitia wino na kuikandamiza kwenye karatasi, wanaochora mimea, ndege, miamba na majengo, na kuzitazama, kila inapowezekana, karibu na kitu chenyewe kilichochorwa. Mara nyingi nimesoma maandishi yanayowagawa wasanii hawa makundi mawili, wa maumbile na wa majengo, na muda wote nimekuwa na shaka na mgawanyo huo, kwa sababu mkono unaochonga jani na mkono unaochonga ukuta hufanya uamuzi ule ule juu ya kitu gani kiondolewe na kipi kibaki. Nimejiwekea sharti la kuchonga kidogo kila jioni kwenye kipande hicho kimoja, bila kununua kingine, ili nisiwe mtazamaji tu.

Kituo cha kwanza ni Bankside Gallery, nyumba ndogo ya sanaa iliyo ukingoni mwa mto Thames, hatua chache kutoka makumbusho ya sanaa ya Tate Modern. Hapa ndipo makao ya Royal Society of Painter-Printmakers, chama kilichoanzishwa 1880 chini ya uongozi wa Francis Seymour Haden, daktari mpasuaji aliyekuwa pia hodari wa kuchora kwenye bamba la shaba. Zama zile chapa zilihesabiwa na wengi kuwa ufundi wa kunakili picha za watu wengine, na Haden na wenzake walitaka zitambuliwe kuwa sanaa inayojitegemea. Ndani ya nyumba hiyo kuna masanduku ya wazi yenye chapa zisizotiwa fremu, na mgeni anaruhusiwa kuzipekua kwa utulivu. Nimezipekua kwa saa mbili nzima.

Zilizonishika zaidi ni za Gail Brodholt, anayechonga linoliamu na ambaye kwa miaka mingi amechora reli, vituo vya treni ya chini ya ardhi na barabara kuu. Mtu angetarajia vitu hivyo vitoe picha kavu, lakini katika mikono yake reli hupinda kama mto unaotafuta bonde, na mwanga wa jioni hulala juu ya chuma kama unavyolala juu ya maji. Paul Catherall, naye wa linoliamu, ameshika njia nyingine: hulipunguza jengo la London mpaka libaki mabapa machache ya rangi tulivu, na upande wa ukuta ulio juani hutengana na ule ulio kivulini kwa ukingo mmoja tu wa kisu. Nikiisogeza chapa ya namna hiyo mbali kidogo na macho, naona jengo zito la matofali likisimama kama jabali lililochongwa na upepo.

Alasiri nimetembea kuelekea magharibi, kandokando ya mto, hadi National Theatre, jengo la msanifu Denys Lasdun lililofunguliwa 1976. Wako wanaolichukia kwa sababu ya zege lake tupu. Mimi nimesimama mbele ya ukuta wake na kuupapasa kama mtu anayepapasa kitambaa, kwani zege hilo lilimwagwa ndani ya mbao zisizopigwa randa, na mbao zilipobanduliwa ziliacha alama zao zote: nyuzi, vifundo, hata ule mstari mwembamba wa pale ubao mmoja ulipokutana na mwenzake. Ukuta mzima ni chapa ya miti. Nimeweka karatasi juu yake na kusugua penseli, na msitu uliokwisha kukatwa umejitokeza kwenye daftari langu.

Jioni sikuchonga kitu. Nimekitazama tu kipande changu cha linoliamu, na nimeona kwamba sijui bado kinataka kuwa nini.

Siku ya pili: British Museum

Chumba cha kusomea chapa na michoro katika British Museum hupokea watu kwa miadi, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu ndipo aruhusiwe kuomba nafasi, jambo ninaloliona kuwa la heshima kubwa kwa umma. Makumbusho haya yamehifadhi chapa zaidi ya milioni 2. Mgeni huacha kalamu za wino, hutumia penseli peke yake, kisha huletewa kasha na kuachwa na karatasi yenyewe, bila kioo cha kumtenga nayo. Kioo kikiondoka ndipo mtu hugundua kwamba chapa ina kimo. Bamba la shaba huacha bonde pale lilipokandamizwa, na wino uliotoka katika mifereji ya bamba husimama juu ya karatasi kiasi cha kutupa kivuli chembamba mwanga ukiwa wa ubavuni.

Nimeanza na mzee wao, Thomas Bewick (1753–1828), kwa sababu wachongaji wengi wa miti wa leo bado wanatembea katika njia aliyoifyeka. Ubao wa kawaida hupasuliwa kwa urefu wa mti, na nyuzi zake humlazimisha mchongaji kwenda zitakako zenyewe. Bewick alitumia mti mgumu unaokua polepole uitwao boksi, uliokatwa kwa kukingama, ili achonge juu ya uso ule unaoonyesha duara za miaka ya mti. Uso huo hauna nyuzi za kumzuia, na chuma chembamba huweza kwenda upande wowote na kuacha mstari mwembamba kama unywele. Kila mstari uliochongwa hutoka mweupe, kwa hiyo mchongaji huanza na usiku na kuingiza mwanga kidogo kidogo. Ndege wa Bewick wanaenea ndani ya kiganja, lakini manyoya ya shingo na manyoya ya bawa hayafanani hata kidogo, na nyasi chini ya miguu yao ni nyasi za mahali fulani, zilizokanyagwa na mtu aliyepita hapo asubuhi ile.

Kasha la pili lilikuwa la Anne Desmet, aliyezaliwa 1964 na kuchaguliwa 2011 kuwa mwanachama wa Royal Academy, chama mashuhuri cha wasanii cha London. Yeye ameuchukua ufundi wa Bewick, uliozoea ndege na majani, na kuuelekeza kwenye kuba, ngazi, madirisha na minara. Aliishi kwa muda Roma katika chuo cha British School at Rome, na tangu hapo magofu na majengo yanayopanda hayajaondoka katika kazi zake. Alirudia mara kwa mara mnara wa Babeli, na baadaye akafuatilia ujenzi wa uwanja wa Olimpiki wa London wa 2012, kuanzia vifusi hadi nguzo. Tena huzikata chapa zake mwenyewe vipande vipande na kuzipanga upya, pengine juu ya maganda ya baharini au juu ya kioo. Nimekaa na karatasi zake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Majengo yake huota. Dirisha huzaa dirisha jingine, ngazi hurefuka kama mzabibu unaotafuta jua, na mahali pengine ukuta hupukutika kama jani la vuli. Ningeombwa nimtaje msanii mmoja anayenithibitishia kwamba mpaka kati ya maumbile na majengo ni wa kubuni, ningemtaja yeye.

Kisha Norman Ackroyd. Alizaliwa Leeds 1938, akafariki 2024, na kwa miongo kadhaa alisafiri kwa mashua kwenda kwenye visiwa na miamba ya mwisho ya Uingereza na Ireland, kama vile St Kilda na Skellig, akichora kwa rangi za maji huku chombo kikiyumba. Aliporudi karakanani alifanya akwatinti, na inafaa nieleze njia hiyo kwa sababu ni kinyume cha patasi. Unga wa utomvu hunyunyizwa juu ya bamba la chuma na kupashwa moto mpaka kila chembe igande mahali pake, kisha bamba hutiwa katika asidi, ambayo hula chuma katikati ya chembe hizo. Bamba likikaa kidogo hutoa kijivu cha ukungu, na likikaa sana hutoa weusi wa pango. Upo pia ufundi wa sukari: msanii huchora kwa brashi iliyochovywa maji mazito ya sukari, hupaka vanishi juu yake, na bamba likilazwa katika maji ya uvuguvugu sukari huyeyuka na kuibandua vanishi, hivyo mkwaruzo ule ule wa brashi huachwa wazi kwa asidi. Mchongaji wa mti huamua kila mstari kwa mkono, ilhali mchoraji wa akwatinti hukabidhi sehemu ya uamuzi kwa dakika na kwa kemikali, na lazima ajue ni lini atoe bamba.

Nimeelewa kwa nini bahari ya Ackroyd inalowesha macho. Mvua yake ilitengenezwa na kitu kimiminika kilichotiririka kweli juu ya chuma, na mwamba wake ulimomonyolewa kweli, ingawa kwa kina kisichofikia unene wa ukucha.

Kabla ya jua kuzama nimepita Bermondsey, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara wa ngozi, ambako Ackroyd alikuwa na karakana yake katika ghala la kale la biashara hiyo. Sikutafuta mlango wake. Nilitaka tu kuona matofali aliyokuwa akiyapita kila siku mtu aliyejaza nyumba yake upepo wa Atlantiki.

Siku ya tatu: Liverpool Street hadi Saffron Walden

Treni ya kwenda Essex kaskazini huondokea Liverpool Street, na mpenzi wa chapa hawezi kupita kituo hicho kama abiria mwingine. Edward Bawden (1903–1989) alikichonga kwenye linoliamu 1960, katika picha kubwa mno kwa ufundi ule, ambayo paa la chuma na kioo lililofunguliwa katika miaka ya 1870 linasimama juu ya nguzo kama matawi yanayokutana juu ya njia ya msituni. Nimesimama chini ya paa lenyewe nikiwa na daftari. Macho yangu yaliona nati, bomba, waya, njiwa, mabango na saa, na kila kimoja kilidai kuingia kwenye mchoro. Bawden aliviacha karibu vyote. Alibaki na mdundo wa nguzo na mistari ya mwanga, na cha ajabu ni kwamba picha yake inakitambulisha kituo upesi kuliko picha ya kamera.

Bawden si wa kizazi cha leo, lakini sijaona msanii wa linoliamu wa Uingereza anayechora majengo bila kupita mlangoni kwake. Kabla yake linoliamu ilionwa na wengi kuwa kifaa cha watoto wa shule, maana ni kitu cha kutandika sakafuni, kilichofanywa kwa mafuta ya kitani, unga wa kizibo na utomvu juu ya kitambaa. Haina nyuzi wala mwelekeo wa kumlazimisha mchongaji, na ikipashwa joto kidogo hukatika kama siagi iliyoganda. Ulaini huo ni mtego. Ubao wa mti hubishana na mchongaji na kumpa nafasi ya kufikiri. Linoliamu inakubali kila kosa papo hapo.

Nimeshuka Audley End na kupanda basi hadi Saffron Walden, mji ambao jina lake linatokana na zafarani iliyolimwa hapa zamani. Nyumba kadhaa za mji huu zimefunikwa kwa lipu iliyofinyangwa kuwa nakshi, na ile iitwayo Old Sun Inn, ambayo lipu yake ni ya karne ya 17, ina ndege, matawi na majitu juu ya kuta. Watu wale hawakungoja nadharia yoyote ili wachanganye jani na ukuta. Walichukua chokaa ikiwa mbichi, wakaikandamiza, wakaikwangua, na mpaka leo jua likipiga kwa ubavu kila jani hupata kivuli chake.

Fry Art Gallery ni jengo dogo lililojengwa 1856, nalo tangu 1987 limekuwa wazi kwa umma likihifadhi kazi za wasanii walioishi sehemu hii ya Essex, hasa wale wa kijiji cha Great Bardfield, akiwemo Bawden na rafiki yake Eric Ravilious, aliyefariki vitani 1942. Nimefurahia udogo wake. Makumbusho makubwa humchosha mtu kabla hajaona kitu, lakini hapa unaweza kuikalia picha moja, ukaenda kutazama bustani, kisha ukairudia. Nimejifunza kutazama weupe wa karatasi. Katika chapa ya mchongaji mzuri, weupe si nafasi iliyosahauliwa; umechongwa kwa uangalifu ule ule wa weusi, na ukiutenga na kuuangalia peke yake una umbo kamili.

Usiku nimeanza kuchonga hatimaye, mistari minne tu ya wima. Inaweza kuwa mbao za zege la Lasdun au nguzo za kituo. Nimeiacha hivyo.

Siku ya nne: kuelekea Norfolk

Mvua siku nzima. Treni hadi Norwich, nyingine hadi Sheringham, kisha basi la pwani. Dirishani nimeona mashamba yaliyolimwa yakiwa na mifereji iliyonyooka, na kila mfereji ulikuwa na maji yenye mwanga wa mbingu: mistari myeupe juu ya weusi, kama ubao wa Bewick. Zaidi ya hapo sikupata la kuandika.

Siku ya tano: Cley

Vinamasi vya Cley vilinunuliwa 1926 ili vihifadhiwe kwa ajili ya ndege, na huo ndio mwanzo wa ule mtandao wa hifadhi za majimbo unaoenea leo Uingereza nzima. Nimeingia alfajiri. Matete yalikuwa marefu kunipita, ya rangi ya mkate uliookwa, na upepo ulipopita juu yake ulifanya mlio wa karatasi nyingi zikigeuzwa kwa pamoja.

Robert Gillmor (1936–2022) aliishi kijijini hapa miaka yake ya mwisho, akichonga linoliamu na kuchapa kwa mashine yake mwenyewe. Ndege aliowachora kwa stempu za Royal Mail, shirika la posta la Uingereza, zilizoanza kutolewa 2010, walipita mikononi mwa watu wengi ambao hawakuwahi kuingia nyumba ya sanaa. Nimekaa ndani ya kibanda cha mbao cha kutazamia ndege nikijaribu kuchora avoseti, ndege mweupe mwenye alama nyeusi na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, na nimegundua kwamba ndege huyo tayari ni chapa: rangi mbili, kingo kali, hakuna kivuli cha kubembeleza. Lakini hasimami. Mchongaji wa ndege hulazimika kumtazama siku nyingi mpaka mwendo wake uwe umbo moja, na umbo hilo moja ndilo linaloingia kwenye kibao. Gillmor alikuwa mtazamaji wa ndege tangu utotoni, na hilo huonekana pale ambapo ndege wake wana uzito miguuni.

Pwani hii hii ilimlea kisanaa pia Angie Lewin, aliyeishi Norfolk kwa miaka kadhaa na ambaye huchora vichwa vya mbegu, mashina yaliyokauka na maua madogo ya pwani kwa linoliamu, kwa uchongaji wa mti na kwa skrini ya hariri, yaani kwa kusukuma wino kupitia kitambaa. Baada ya masomo ya sanaa alisomea kilimo cha bustani, na nadhani hiyo ndiyo sababu mimea yake haina uzuri wa mapambo matupu. Mara nyingi huweka mmea mbele kabisa, ukiwa mkubwa, na nyuma yake upeo wa macho ukiwa chini sana, hivyo bua moja la ufukweni hupata kimo cha mnara. Nimelala kifudifudi kwenye mchanga wenye unyevunyevu ili nitazame kama yeye, na kweli: ua lililokauka la karoti-mwitu, likitazamwa kutoka chini, lina mbavu na makutano kama kuba la chuma. Wajenzi na mimea wanashindana na jambo moja, namna ya kusimamisha uzito juu ya kitu chembamba.

Mchana nimeenda kanisa la Mtakatifu Margaret. Ni kubwa kupita kijiji chenyewe, kwa sababu Cley ilikuwa bandari yenye utajiri kabla maji hayajaondoka. Ubavu wake mmoja ni gofu lisilo na paa, lenye dirisha la mawe yaliyochongwa kama kamba zilizosukwa, na kupitia dirisha hilo unaona mbingu tupu. Kuta zimejengwa kwa gumegume, yale mawe meusi yenye ganda jeupe. Nimeketi kwenye nyasi na kuamua papo hapo: kipande changu kitakuwa dirisha lile, na matete mbele yake, ingawa matete yako mbali kidogo na kanisa. Mistari yangu minne ya wima imekubali kuwa mashina bila kulalamika.

Usiku nimefanya kosa. Nilikuwa nikichonga anga ndani ya dirisha, bobari ikateleza, na nguzo moja ya jiwe iliyopaswa kubaki imeondoka karibu nusu. Katika uchoraji wa penseli ningefuta. Hapa kilichoondolewa hakirudi. Nimeikalia kitako huzuni hiyo kwa muda, halafu nikakumbuka kwamba lile ni gofu, na kwamba mwanga unaoingia pale ulianza vivyo hivyo, kwa jiwe kuanguka. Nimelinyoosha kosa likawa uvunjikaji.

Siku ya sita: njiani

Basi, treni, London, treni tena. Nimechonga mashina mawili ya matete kwenye meza ndogo ya chumba cha wageni karibu na pwani ya Kent, na kulala mapema.

Siku ya saba: vioo vya sauti vya Denge

Karibu na Dungeness, katika nchi tambarare ya kokoto, kuna majengo matatu ya zege ambayo sikuwa nimewahi kuona mfano wake. Yalijengwa kati ya 1928 na 1930 ili kukusanya mlio wa ndege za adui kabla hazijaonekana: bakuli moja lenye upana wa takriban mita 6, jingine la mita 9, na ukuta uliopinda wenye urefu wa mita 60 hivi. Mlio uligonga uso uliopinda na kukusanyika mahali pamoja, ambapo mtu aliyesikiliza, au kipaza sauti, aliweza kuutambua. Miaka michache baadaye rada iligunduliwa na vioo hivi vikaachwa. Uchimbaji wa kokoto ulizunguka eneo hilo na kuacha maziwa, na sasa vimesimama juu ya kisiwa ndani ya hifadhi ya ndege, ambacho hufunguliwa kwa wageni siku chache tu. Mimi nimevitazama kutoka ng'ambo ya maji.

Ian Chamberlain, msanii wa Bristol anayefanya kazi kwa bamba na asidi, ameyachora majengo ya namna hii kwa miaka mingi: vioo hivi, darubini kubwa za redio, ngome za chuma zilizosimama baharini. Huyachora bila mtu hata mmoja, kwa weusi mzito na anga pana, na mwanzoni nilidhani ni mapenzi ya mashine. Leo, nikiwa na bata wakiogelea kati yangu na zege, nimeona jambo jingine. Chumvi na mvua vimelila zege kwa njia ile ile asidi inavyokula bamba, kwa mashimo madogo yasiyo na mpangilio, na michirizi ya kutu imeshuka kama vanishi iliyovuja. Chamberlain hachori jengo lililokamilika. Anachora jengo ambalo hali ya hewa bado inalifanyia kazi, na anatumia kifaa kinachofanana na hali hiyo ya hewa.

Na vile ni vioo. Msanii wa chapa anayechonga kibao au bamba hufanya kazi ndani ya kioo, kwa sababu kilicho kushoto kwenye kibao hutokea kulia kwenye karatasi. Wenye majina ya mitaa, mabango au saa katika picha zao hulazimika kuyachonga kinyumenyume. Wachoraji wa matete husamehewa, au ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipokitazama kipande changu jioni na kukumbuka kwamba sikuligeuza dirisha la Cley.

Siku ya nane: Birling Gap

Nimefika Eastbourne kwa treni na kuchukua basi hadi Birling Gap, mahali ambapo majabali meupe ya Seven Sisters yanakutana na ufuo. Kulikuwa na safu ya nyumba za walinzi wa pwani hapa, na bahari imekuwa ikila jabali chini yake hadi baadhi zimebomolewa kabla hazijaanguka. Zilizobaki zimesimama karibu na ukingo, na ukuta wa mwisho unaonyesha wazi kwamba uliwahi kuwa ukuta wa katikati.

Emma Stibbon, aliyechaguliwa Royal Academy 2013, alileta hapa macho yaliyokwisha kuzoea barafu. Amesafiri Aktiki na Antaktiki, na kwenye volkano za Hawaii, akichora ardhi inayobadilika mbele ya mtu, na kazi zake za uchongaji wa mbao na za bamba ni miongoni mwa kubwa na nyeusi zaidi ninazozijua. Maonyesho yake katika makumbusho ya Towner, Eastbourne, mwaka 2024, yaliweka barafu inayoyeyuka pamoja na majabali haya yanayoporomoka, kwa kuwa maji yaliyotoka huko ndiyo yanayopanda hapa. Namheshimu kwa kutochora maafa kwa kelele. Hutazama mpasuko kama mjenzi anavyoukagua ufa ukutani, anafuata unakoelekea, na kumwachia mtazamaji hofu yake mwenyewe.

Nimeshuka ngazi za chuma hadi ufuoni wakati wa maji kupwa. Jabali ni la chaki, yaani maganda ya mwani mdogo usioonekana kwa macho, yaliyotuama chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka. Na katikati ya weupe huo, kwa vipimo karibu sawa, inapita mistari myeusi ya mlalo. Nimesogea na kuigusa. Ni gumegume. Jiwe lile lile la kuta za Cley limelala humu ndani ya jabali, limepangwa safu kwa safu kama lililowekwa na fundi mwenye uzi na timazi, na chini ya miguu yangu yako mengine yaliyoanguka, yanayosagwa na mawimbi kuwa kokoto. Nimesimama hapo mpaka maji yaliponirudisha nyuma. Fundi wa Norfolk hakufanya zaidi ya kuyachukua mawe ya tabaka kama hizi na kuyapanga upya kwa wima.

Jioni hii nimemaliza kipande changu. Sina mashine ya kuchapia, kwa hiyo nimepaka wino mweusi kwa rola ndogo, nimelaza karatasi nyembamba juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko, polepole, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nakala ya kwanza ilikuwa na wino mwingi na matete yameungana. Ya pili ilipauka upande mmoja. Katika ya tatu mashina yametengana, gumegume za ukutani zimebaki na chembe nyeupe pale wino ulipokosa kushika, na mahali bobari ilipoteleza pana mwanga ulioingia kwa nguvu kuliko kwingine kote. Nimeilaza juu ya meza ikauke, dirisha la Cley likielekea upande ambao halijawahi kuelekea.